Udongo Ukishuka, Nani Anadaiwa?

Chukua mashamba mawili kwenye mlima mmoja. Mteremko ni uleule, mvua ni ileile, jembe ni la aina moja, na wenye mashamba wote wawili huamka alfajiri ileile. Wote wanalima mahindi na maharage kwa mistari inayoshuka na mlima, kama walivyowaona wazazi wao wakilima. Miaka kumi baadaye shamba la kwanza bado lipo. Limechoka kidogo, lakini lipo. La pili lina korongo katikati ambalo ng'ombe akiingia haonekani, na tope lililotoka humo limefukia chemchemi iliyokuwa ikinywesha kaya za bondeni.

Swali langu ni jepesi kulisema na gumu kulijibu: je, mkulima wa pili amefanya kosa kubwa kuliko wa kwanza?

Usikimbilie kujibu. Nikuongezee jambo moja. Tofauti pekee kati yao ni udongo. Wa kwanza aliangukia kwenye mfinyanzi mwekundu unaoshikana. Wa pili aliangukia kwenye udongo wa chembe laini zisizoshikana, ule ambao ukiushika mkavu unapita katikati ya vidole kama unga. Hakuna aliyechagua. Kila mmoja aliukuta.

Swali hili limenikaa kichwani tangu nianze kuandika habari za nyanda za juu za Kigoma, hasa Kasulu na Kibondo, na zaidi ya yote Heru Juu. Huku hulijadili swali hili kama mchezo wa darasani. Kila masika linashuka lenyewe mlimani, jekundu, na kupita mbele ya nyumba za watu.

Kwa asiyepajua: Heru ilikuwa moja ya tawala za Waha, kama ilivyokuwa Muhambwe kule Kibondo na Buyungu kule Kakonko. Enzi za Waingereza kiti cha Heru kilikaliwa na mwanamke, Mwami Theresa Ntare, jambo ambalo wengi wetu hatukulisikia shuleni. Jina la Heru Juu lenyewe lina neno linalonihusu katika makala haya, yaani "juu". Maji ya milima hii yanaingia kwenye mito kama Ruchugi. Ruchugi unaungana na Malagarasi pale Uvinza, kwenye chumvi, na Malagarasi unamwaga Ziwa Tanganyika upande wa Ilagala. Ziwa nalo lina mlango wake wa kutokea, mto Lukuga upande wa Kongo, ambao unapeleka maji hadi mto Kongo na mwisho bahari ya Atlantiki. Upande wa Kibondo maji yanaelekea kwenye ardhioevu ya Malagarasi-Muyovozi, eneo la kwanza la Tanzania kuingia kwenye orodha ya Ramsar, mwaka 2000, lenye zaidi ya hekta milioni 3.

Kwa hiyo anayelima juu huku analima juu ya watu wengi asiowajua. Hapo ndo maadili yanapoanzia.

Lakini siwezi kuzungumzia kosa la mtu kabla sijasema udongo unafanya nini. Hebu jaribu hili nyumbani. Chukua chupa ya maji ya lita moja na nusu, jaza udongo theluthi moja, ongeza maji na sabuni ya unga kidogo, tikisa sana, kisha iache mezani. Ndani ya dakika moja mchanga umeshatua. Ndani ya saa chache zinafuata chembe za kati, zile laini kama unga wa muhogo. Maji ya juu yanabaki na rangi. Hizo ni chembe za mfinyanzi, na zinaweza kuelea mpaka kesho yake na zaidi. Mchanga ni chembe za kuanzia milimita 2 kushuka hadi 0.05. Zile za kati zinaishia 0.002. Chini ya hapo ni mfinyanzi, mdogo kiasi kwamba jicho halina habari nao. Kila udongo duniani ni mchanganyiko wa hizi tatu, na ukijua kiasi cha kila moja umeshajua nusu ya tabia yake.

Sasa lete mvua. Mchanga mkubwa ni mzito, maji yanahitaji nguvu kuubeba. Mfinyanzi ni mwepesi mno lakini unashikana, chembe na chembe. Wanaobaki bila mtetezi ni wale wa kati pamoja na mchanga laini sana. Si wazito wa kutosha kukaa, wala hawana gundi ya kushikana. Hao ndio mvua inaowachukua kwanza. Msomi wa Sweden, Filip Hjulström, alilionyesha jambo linalofanana na hili mwaka 1935 kwa maji ya mto. Mfinyanzi ulioshikana unahitaji maji ya kasi kubwa ili ung'oke, wakati mchanga laini unang'oka kwa maji ya polepole tu. Ila mfinyanzi ukishang'oka hautui kirahisi. Unasafiri na maji mpaka yatakapochoka.

Tabia ya maji nayo inabadilika. Udongo wa kichanga unakunywa haraka na kusahau haraka. Mvua ikinyesha leo, baada ya siku chache mahindi yananyauka. Mfinyanzi mweusi wa mabondeni hupasuka nyufa kiangazi, halafu masika huvimba na kufunga, maji yanasimama juu yake. Mfinyanzi mwekundu wa vilimani ni hadithi nyingine. Chuma iliyomo ndani yake, ile inayoupa rangi, hugandisha chembe kuwa vidonge vidogo, na maji yanapita katikati ya vidonge hivyo kama kwenye chekecheke. Maji yanayozama juu ndiyo yanayokuja kutokea chini kama chemchemi mwezi wa nane, wakati mvua imeshasahaulika.

Kinachovishona vyote hivi ni mboji, yaani mabaki ya majani na mizizi yaliyooza. Choma mabua kila mwaka, lima bila kurudisha chochote, na baada ya muda vidonge vinavunjika. Tone la mvua likipiga udongo ulio wazi linaupasua, unga wake unaziba vitundu, na uso wa shamba unafunga kama sakafu iliyosiribwa. Maji yaliyopaswa kuzama yanaanza kukimbia. Hata udongo mzuri hufika hapo. Tofauti ni kwamba mmoja unafika baada ya miaka mingi, mwingine baada ya misimu michache.

Hesabu moja tu, ya kufanya kwa vidole. Milimita 1 ya udongo juu ya hekta 1 ni mita za ujazo 10, yaani kama tani 12 au 13. Milimita moja huioni kwa macho. Mtu anaweza kupoteza tani kumi na mbili kwa msimu mmoja, akasimama shambani kwake asubuhi, asione kitu. Na katika hizo tani, zinazotangulia ni zile zenye mboji na rutuba. Kinachobaki nyuma ni changarawe.

Turudi kwa wakulima wetu wawili. Mwaka 1976 wanafalsafa wawili, Bernard Williams na Thomas Nagel, walijadiliana kuhusu kitu tunachoweza kukiita bahati katika maadili. Nagel alitoa mfano wa dereva wa lori aliyezembea kukagua breki. Akifika salama, ni mzembe kama wazembe wengine. Mtoto akikatiza barabarani na breki zikakataa, dereva huyohuyo anakuwa muuaji machoni pa watu na machoni pake mwenyewe. Uzembe ni uleule. Kilichobadilika ni mtoto kukatiza, na hilo dereva hakulipanga. Sasa tumhukumu kwa alichofanya au kwa kilichotokea?

Mfano wa Nagel ni wa barabarani, lakini nadhani mlima wa Heru Juu unauelezea vizuri zaidi. Dereva angalau angeweza kukagua breki. Mkulima wetu wa pili alikuwa akagua nini? Alirithi. Au alikodi. Au alihamishwa. Hili la mwisho si la kubuni. Miaka ya 1930, malale yalipoenea, serikali ya kikoloni iliwakusanya watu wa Buha katika makazi maalumu kuwaondoa kwenye pori la mbung'o. Mwaka 1972 ikaja Operesheni Kigoma, watu wakaondolewa kwenye vihame vyao, kaya moja huku na nyingine kule katikati ya migomba, wakapangwa katika vijiji. Aliyekuwa ameujua udongo wake kwa vizazi vitatu akapewa kipande kingine, aanze kuujifunza upya. Katikati ya hayo, wanaume wengi wa Buha walikuwa Tanga kwenye mikonge, manamba, na jembe la nyumbani likabaki kwa wanawake. Halafu wakaja wakimbizi wa Burundi na Kongo, zaidi ya watu 100,000 kwenye kambi moja tu ya Nyarugusu kwa nyakati fulani, nao wanahitaji kuni za kupikia. Wao ndo kabisa hawakuchagua udongo. Walichagua kuishi.

Ukilijua hilo, kuna maneno yanaanza kukukera. Nimekaa kwenye warsha ambako mtaalamu mmoja, mwenye fulana iliyoandikwa jina la mradi, alisema tatizo la milima hii ni "elimu ndogo ya wananchi". Watu wakapiga makofi, chai ikaletwa. Hakuna aliyeuliza ni wananchi gani, wa mteremko upi, wenye udongo gani. Kwenye maneno yale mkulima mwenye mfinyanzi mwekundu anahesabika ni mwelewa kwa sababu shamba lake lipo, na jirani yake ni mjinga kwa sababu lake limekwenda. Kumbe mwelewa hajafanya lolote la ziada. Udongo wake umemfichia siri.

Kwa hiyo jibu la kwanza, kwamba mkulima wa pili ana kosa kubwa zaidi, mimi nalikataa. Lakini ngoja. Kuna jibu la pili linalonitisha zaidi, kwa sababu ni la upole na linavutia. Linasema: kama hakuna mwenye kosa, basi hakuna anayedaiwa.

Kama umewahi kuishi mlimani unaujua ugomvi wa namna hii:

"Jirani, maji yako yameingia kwangu."

"Maji yangu? Maji ni ya Mungu, mama."

Na kweli maji ni ya Mungu. Ila tope ni la nani? Lilikuwa shamba la mtu jana. Leo limefunika maharage ya mtu mwingine. Ukisema ni bahati mbaya tu, mwenye maharage atakula bahati mbaya?

Na madhara hayaishii kwa jirani. Kila aina ya chembe inaharibu kwa namna yake. Mchanga hautembei mbali. Unatua mto unapopunguza kasi, unajaza mkondo, na mto uliojazwa unahama njia na kuingia mashambani. Chembe za kati zinafukia chemchemi na mabwawa. Mfinyanzi unafika ziwani, ukielea, ukizuia mwanga. Na Ziwa Tanganyika si dimbwi la kawaida. Lina samaki wa jamii ya sikilidi zaidi ya aina 200, na karibu wote hawapatikani popote pengine duniani. Wengi wao wanaishi kwenye miamba ya mwambao na kula mwani unaoota kwenye mawe. Mwani unahitaji mwanga, na samaki wanahitaji mawe yasiyofukiwa. Mwaka 1993 Andrew Cohen na wenzake walichapisha utafiti uliolinganisha sehemu za ziwa zinazopokea tope jingi na zile zinazopokea kidogo. Kwenye tope jingi, aina za viumbe wa majini, samaki wakiwemo, zilikuwa pungufu. Hakuna mkulima aliyekusudia hilo. Limetokea hata hivyo.

Basi tumenasa. Kumlaumu ni dhuluma, na kumwachia ni kuwadhulumu walio chini. Njia ya kutoka, nadhani, ni kukubali kwamba lawama na wajibu ni vitu viwili, na tumezoea kuvifunga kamba moja. Lawama inauliza: ulifanya nini? Wajibu unaweza kuuliza jambo jingine kabisa: umesimama wapi? Kaka mkubwa hakufanya kosa lolote kuzaliwa wa kwanza, lakini wazazi wakifariki tunajua macho yataelekea kwake. Nyumba yako ikiwa ya kwanza njiani, wageni wataomba maji kwako. Hujakosa, umekaa pale tu.

Wahenga walisema maji hufuata mkondo. Mimi ningependa kuongeza kwamba wajibu nao hufuata mkondo. Anayelima juu anadaiwa na walio chini kwa sababu yuko juu, awe na kosa au asiwe nalo. Na mwenye udongo unaoondoka haraka ana kazi kubwa zaidi ya kuushika kuliko mwenye udongo unaojishika wenyewe. Atahitaji mabingobingo kwenye kingo, matandazo badala ya moto, matuta yanayokatiza mteremko na si kushuka nao, migomba na kahawa pale ambapo mahindi yanaacha ardhi uchi. Ni uonevu? Ndiyo, kwa kiasi fulani ni uonevu. Mtu aliyepata udongo mbaya anapewa na kazi zaidi.

Ndiyo maana siwezi kuishia hapo. Mkondo una ncha mbili. Walio chini wanapokea tope, lakini wanapokea pia maji safi pale udongo wa juu unaposhikwa. Chemchemi ya mwezi wa nane ni zawadi ya kilima. Kama wa juu anadaiwa kuushika udongo kwa faida ya wa chini, basi wa chini anadaiwa kumsaidia kuushika. Akikaa bondeni na kupiga kelele tu kwamba watu wa juu wanaharibu mazingira, anataka haki yake bila kulipa deni lake. Ng'ambo ya nchi, kwenye milima ya Uluguru ambako maji ya mto Ruvu yanatoka kwenda Dar es Salaam, hili lilijaribiwa mwishoni mwa miaka ya 2000. Mashirika ya CARE na WWF yaliandaa mpango ambao wanufaika wa maji mjini, zikiwemo DAWASCO na Coca-Cola, walichangia fedha kwa wakulima wa juu waliokubali kutengeneza matuta na kupanda miti. Fedha zilikuwa kidogo kulingana na jasho. Lakini kwa mara moja mkondo wa deni ulipanda mlima.

Kuna msomaji ataniambia: wewe mwandishi unapiga porojo, hifadhi inahitaji amri. Na ana ushahidi. Kule Kondoa, chini ya mradi wa HADO ulioanza mwaka 1973, mifugo yote iliondolewa mwaka 1979 kwenye eneo la zaidi ya kilomita za mraba 1,200 lililokuwa limeliwa na makorongo. Majani yalirudi. Miti ilirudi. Siwezi kujifanya sikuona. Lakini angalia nani alilipa. Aliyelipa ni mfugaji, peke yake, kwa ng'ombe wake. Ardhi iliponywa kwa kumtoa mtu mmoja sadaka kwa niaba ya wote, na sisi tunaosifia majani hatukutoa hata mbuzi.

Na amri ina ugonjwa mwingine: haigusi udongo. Kule Uluguru, miaka ya 1950, Waingereza waliwalazimisha Waluguru kuchonga matuta ya ngazi milimani. Kwa wataalamu wao tuta ni tuta. Lakini udongo wa pale, sehemu nyingi, ulikuwa mwembamba. Ukichonga ngazi unafukia rutuba na kuibua udongo mkavu wa chini. Watu walifanya kazi ngumu na kuvuna kidogo kuliko mwanzo. Mwaka 1955 wakagoma, ghasia zikazuka Matombo, na mtu mmoja akauawa kwa risasi ya polisi. Waluguru hawakuwa wanachukia udongo wao. Walikuwa wanakataa kuhifadhiwa na mtu ambaye hajainama kuushika.

Linganisha na Wamatengo wa Mbinga. Wao hulima ngoro, mashimo yaliyopangwa kama sega la nyuki kwenye mteremko mkali. Hufyeka majani, huyalaza kwa kukatizana kufanya miraba, kisha huchimba katikati na kuyafunika kwa udongo. Majani yanaoza ndani ya tuta na kuwa mboji. Maji ya mvua yanaingia shimoni na kutulia, tope linabaki humohumo. Hakuna serikali iliyowalazimisha. Kanuni ile ilizaliwa kutokana na mteremko wa pale na udongo wa pale.

Buha nayo ilikuwa na wazo linalonigusa. Mbali na Mwami aliyetawala watu, kulikuwa na mteko, mtu wa ardhi. Yeye ndiye aliyehusika na kuwapa wageni mahali pa kulima na kufanya matambiko ya ardhi. Sitaki kuipamba. Ilikuwa jamii yenye wakubwa na wadogo, na ng'ombe wa mkubwa walijua njia ya shamba la mdogo. Lakini hebu lifikirie wazo lenyewe: kwamba mamlaka juu ya watu na ujuzi wa ardhi ni kazi mbili, na mtu anaweza kuwa na ya kwanza bila ya pili. Wakoloni walifanya kazi na Mwami kwa sababu walihitaji kodi. Mteko hakukusanya kodi, kwa hiyo hakuwa na nafasi kwenye meza yao.

Leo tuna sheria. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inazuia shughuli za kudumu za watu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mito na maziwa. Nia yake ni njema na siipingi. Ila mita 60 ni mita 60, iwe kwenye mfinyanzi mwekundu wenye majani au kwenye kichanga kilicho uchi. Pengine 60 ni nyingi kwa mama mwenye kibustani cha mboga kwenye bonde tambarare, na pengine ni chache mno kwa mteremko ambao tope lake linaanza safari mita 300 juu. Sheria inampata mama kwa urahisi kwa sababu yuko karibu na mto na anaonekana. Yule wa juu, na yule mwenye hekta nyingi anayemkodisha mtu shamba kwa mwaka mmoja mmoja, haonekani. Na kwa nini mpangaji wa mwaka mmoja achimbe makinga maji ambayo faida yake itakuja mwaka wa tano? Hapo wajibu unapaswa kupanda hadi kwa mwenye shamba. Ajabu ni kwamba hatumsikii akitajwa kwenye warsha.

Mtu anaweza kusema namwekea mkulima mzigo wa falsafa wakati ana mzigo wa kuni. Pingamizi hili nalichukulia kwa uzito. Mwenye njaa mwezi wa pili hawezi kuacha kulima mteremko eti kuna samaki wa rangi ziwani. Na sidhani kama anapaswa. Wajibu unaofuata mkondo hauwezi kumdai mtu kuliko uwezo wake. Pale nguvu zake zinapoishia, deni halifi. Linahamia kwa anayefuata mwenye uwezo: mwenye shamba, kijiji, halmashauri, mji unaokunywa maji, wavuvi, hata sisi tunaosoma makala kwenye simu. Shirika la Jane Goodall liliona jambo hili kule Kigoma mwaka 1994 lilipoanzisha mradi wa TACARE. Huwezi kuwalinda sokwe wa Gombe huku watu wa milima ya jirani wakibaki bila udongo wala kuni. Walianza na sokwe, wakajikuta kwenye mashamba ya watu. Mkondo ndo uliwafikisha.

Kwa hiyo jibu langu kuhusu wakulima wawili ni hili. Wa pili hana kosa kubwa kuliko wa kwanza. Wote walifanya kitu kilekile. Lakini sasa korongo liko kwake, kwa hiyo kazi ya kuliziba inaanzia kwake, na haiishii kwake. Jirani yake mwenye mfinyanzi mwekundu asijione mwema. Anaweza kwenda na jembe lake kusaidia, kwa sababu alichookoa nacho shamba lake hakikuwa akili. Na watu wa bondeni, badala ya kupanda kwenda kugomba, wapande na mbegu za mabingobingo na nguvu kazi ya siku mbili. Haya yote yanahitaji kitu kimoja kwanza, na hakina gharama: kuushika udongo wenyewe. Uloweshe kidogo, usokote kati ya kidole gumba na cha shahada. Ukivutika kama utepe, una mfinyanzi. Ukikwaruza na kukatika, una mchanga. Ukiteleza kama unga na hauvutiki, basi upo kwenye shamba ambalo mvua inalipenda, na una haraka.

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Safari nyingine ukimsikia mtu kwenye mkutano akisema watu wa Heru Juu, au wa mlima wowote ule, wanaharibu mazingira, muulize taratibu: shamba lipi? Udongo wake wa aina gani? Nani mwenye shamba, na nani anayelilima? Nani yuko chini yake, na mpaka leo amepandisha nini?

Akishindwa kujibu hata moja, hajafika bado kwenye haki ya kulaumu.